Kutwaa

Thirza Oldroyd hupanga kadi za maneno
ghorofa ya pili, jengo la matofali mekundu mjini Hull,
dirisha likitazama magari yaliyoegeshwa na mvua.
Mwezi huu amepewa kitenzi kimoja: take.
Alicheka. Kisha yakaletwa masanduku kumi na manne.

Kitenzi hiki hakichagui kazi.
Sisi basi tunalipanda; wao hulitwaa.
Picha tunapiga, dawa tunameza,
mtihani tunafanya, pumzi tunavuta,
wao vyote hivyo hutwaa tu,
hata muda, hata ushauri, hata kinyongo.
Mkono mmoja, na kila mlango una kitasa chake.

Zamani hawakuwa nacho.
Walikuwa na niman, neno la nyumbani,
likiwatosha kwa mkate na kwa shoka.
Ndipo meli za kaskazini zikaingia mto Humber.
Wageni wakatwaa ng'ombe, wakatwaa kengele za watawa,
wakatwaa mashamba; halafu wakachoka,
wakaoa, wakapanda shayiri, wakaazimana chumvi na jirani.
Siku moja ambayo hakuna aliyeiandika
mtoto aliomba mkate kwa neno la baba yake
na mama hakumsahihisha.

Niman ikashuka cheo,
ikaishia midomoni mwa wachomoaji wa mifuko,
ikazikwa bila matanga.
Lakini iliacha watoto wawili wasiofanana.
Nimble: mwenye mkono mwepesi, hodari wa kudaka.
Na numb.
Sisi husema mkono umekufa ganzi.
Wao, bila kukumbuka, husema umetwaliwa.

Kadi hiyo Thirza aliishika muda mrefu kuliko inavyofaa.

Saa kumi na moja akatwaa basi hadi Hessle kwa mama yake.
Hepzibah, miaka thelathini kiwandani gatini,
mkono wa kushoto ukipasua chewa
kabla msimamizi hajamaliza kupiga chafya.
Tangu Machi mkono uleule umelala juu ya blanketi
kama glavu iliyosahauliwa na mgeni.

"Umeandika nini leo?"
"Neno moja."
"Kutwa nzima?"
"Mwezi mzima, mama."
"Na wanakulipa."

Kuna kadi moja hakuipiga muhuri.
Chini kabisa, kabla ya meli, kabla ya ng'ombe,
huenda kitenzi hiki kilimaanisha kugusa tu.
Ameweka alama ya kuuliza, kwa penseli.

Runinga inasema habari za barabara.
Thirza anapeleka kidole kwenye kifundo cha mama,
pale penye kovu la kisu.
Hepzibah hageuki.
"Unanishika?"
"Ndiyo."
"Wapi?"
Akamwambia.
Mama akatazama, akahakikisha kwa macho,
akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea risiti.
"Haya. Twaa chai yako, inapoa."