Asilimia Sitini na Moja

Gemu ilikuwa ya Mhina. Aliinunua kwa punguzo
mwezi wa Januari, wakati jua la Dundee
linafunga duka saa tisa na nusu alasiri
bila kumuaga mtu.
Aliicheza wodini, sindano ya dripu mkono wa kushoto,
akaiacha asilimia sitini na moja.

Mimi sichezi gemu. Mimi hupanga ratiba za mabasi.
Lakini nilikuta jina lake kwenye skrini,
MHINA 2, na tarehe, na saa: nane na dakika kumi usiku,
nikajiuliza MHINA 1 alikosea wapi.

Hadithi yenyewe ni hii: msichana amefiwa na babake,
amerithi kodiani iliyopasuka mvukuto.
Kila akiipiga baba anatokea: viatu kwanza,
halafu magoti, halafu koti. Uso hauji.
Na kila akitokea, mlango mmoja wa kijiji unajifunga:
wa mwokaji, wa posta, wa rafiki yake mwenye mbwa,
hata theluji inabaki haina nyayo.
Hakuna anayekwambia.
Unazihesabu mwenyewe taa zilizozimika.

Mhina alikuwa na baba mpaka kifuani.
Milango kumi na mmoja ameshaifunga.

Hapo nilicheka, mdogo wangu, maana ni wewe kabisa,
wewe uliyepiga kodiani harusi za Waskoti
umevaa sketi yao ya mirabaraba, magoti yakigongana
(na sisi tuliodhani Lushoto ndiyo baridi),
bibi harusi akiomba moja zaidi, moja tu,
nawe neno hapana hukuzaliwa nalo.

Nilifungua faili jipya. Lako sikuligusa.
Usiku wa kwanza, wa pili, wa tano,
vidole vyangu vizito kama vya kushonea gunia,
msichana akigonga kuta kama nzi kwenye kioo.
Baba nilimwita mara moja. Vikaja viatu.
Niliviangalia. Kamba zimefungwa ovyo. Basi.

Kituo cha mwisho ni cha reli. Treni inangoja,
na gemu, ambayo njia nzima iliniambia
bonyeza hiki, bonyeza kile,
ikanyamaza.
Benchi. Theluji. Kodiani mgongoni.
Nilikaa dakika arobaini; nilikuwa natazama saa,
ndiyo kazi yangu.
Watu husema muda ni dawa,
hawasemi inanywewa kutwa mara ngapi.

Hakuna kitufe kinachowaka.
Unaitua wewe, kwa akili zako.
Nikaitua.
Treni haikupiga honi ya ushindi.
Majina ya waliotengeneza yakapanda bila muziki,
upepo tu, na nyuma yake, mbali,
bawaba za mlango wa mwokaji.

Ya kwako, ya kweli, ilikuwa juu ya kabati
ndani ya sanduku lenye harufu ya jasho na dawa ya viatu.
Jumamosi nilishuka nayo ngazi, ghorofa mbili,
ikitoa pumzi kila kipandio, hata nikaona haya
kama niliyembeba mtu mzima.
Nikampa Bi Moira Geddes wa chini.
Mjukuu wake, Fergus, ana miaka minane,
meno mawili ya mbele hayajarudi.

Faili lako lipo palepale, sitini na moja.
Kulikuwa na nafasi tatu. Sikuihitaji yako.

Sasa naisikia kupitia sakafu.
Anapiga vibaya, Mhina. Vibaya mno.
Anafika noti ya nne, anateleza,
anarudi mwanzo, anateleza,
nami huku juu napiga pasi shati la kazi,
nimesimama, pasi iko hewani,
nasikiliza kama safari hii atavuka.