Kigawe Kidogo cha Shirika

Duara la hatua tatu nimeliweka juu ya duara la hatua nne.
Ndivyo kazi ilivyoanza, usiku wa Januari, Łódź,
kompyuta juu ya meza ya jikoni, unga bado mezani,
theluji nje ikianguka bila kufuata hesabu yoyote.

Lile la tatu ni Mama.
Wiki ya usiku, wiki ya mchana, wiki ya asubuhi,
kisha usiku tena, miaka ishirini na sita
kwenye mashine za kufuma shuka za hospitali.
Wiki ya tatu tu ndiyo iliyomwachia jioni.
Nimempa sauti ya hezi mia moja na kumi,
kavu, kama kofi juu ya ubao.

La nne ni Baba, dereva wa tramu.
Ratiba yake ilizunguka wiki nne,
na katika hizo nne, moja tu alikula nyumbani usiku.
Yeye nimempandisha juu ya Mama
kwa uwiano wa tatu kwa mbili,
hezi mia moja sitini na tano,
kwa kuwa sauti mbili zikisimama hivyo
hujui tena ni ipi imeegemea mwenzake.

Tatu na nne.
Kigawe kidogo cha shirika: kumi na mbili.
Mwalimu alipotufundisha darasani
mimi nilikwishakuijua, nilikuwa nayo kwa chaki
nyuma ya mlango wa kabati:
wiki ya kumi na mbili, sahani tatu,
supu nyekundu ya viazisukari,
Baba akinyoa ndevu jioni
kama mtu anayekwenda kuposa.

Kwa hiyo pigo la kumi na mbili nimelifungulia.
Sauti zote mbili zinagonga kwa pamoja, kwa nguvu,
na hapo sikio hujizalia sauti ya tatu:
mia moja sitini na tano, toa mia moja na kumi.
Hamsini na tano.
Hakuna aliyeiandika. Haimo kwenye skrini.
Nikasema, ndiyo mimi hiyo.

Mama akaja na shali yake mabegani.
Sauti nyembamba zilimtoroka zamani, kiwanda kilizila,
hivyo haegeshi sikio; huweka kiganja juu ya spika
kama anayepima homa ya mtoto.
Akasikiliza mzunguko mzima. Akasikiliza wa pili.

"Umekosea," akasema. "Ya nane iko wapi?"

Nikamwonyesha: ya nane ni ya Baba peke yake,
wewe uko kiwandani, zamu ya mchana, unatoka saa nne usiku.
Hesabu haidanganyi, Mama.

"Hesabu haikumjua Genowefa.
Genowefa alinishikia mashine,
nami nikamshikia yake wiki ya tisa.
Nusu kilo ya kahawa juu yake, na soksi za nailoni.
Wewe ulikuwa umelala.
Tulikula gizani tusije tukakuamsha."

Mara ngapi?

Akauondoa mkono kwenye spika
upesi, kama aliyefumaniwa.
"Mimi sikuhesabu. Mwenye chaki ulikuwa wewe."

Akarudi kulala. Baba ana miaka saba kaburini
na jikoni mle alikuwa ameshikwa mkono.

Nikalichukua pigo moja la Mama
nikalisogeza kutoka tisa hadi nane,
kwa kidole, bila fomula,
halikukaa sawasawa kwenye mstari, nikaliacha hivyo.
Nikacheza toka mwanzo.
Moja, mbili, tatu. Kila mtu na njia yake.
Kwenye nane wakakutana,
na ile hamsini na tano ikanguruma chini ya meza,
mimi nikiwa nimelala.

Basi haikuwa mimi.

Nimeipunguza sauti. Watu wanakula.