Mchanga wa Malori Matatu

Mwaka wa kwanza walikuja watu ishirini na saba.
Niliwahesabu mwenyewe, kuhesabu ndiyo kazi yangu:
karani wa mizani, barabara kuu, zamu ya usiku.
Na kati ya hao, saba walikuwa wakisubiri mvua ipite
wakajikuta chini ya turubai letu.

Mchanga ulitoka Kyela kwa malori matatu.
Ulipanda milima gizani, ukapita Tukuyu ndani ya ukungu,
ukafika kwangu: tani hamsini na nne, pamoja na maji yake.
Kwenye fomu nikajaza, Bidhaa: mchanga.
Matumizi:
kalamu ikasita.
Nikaandika: kuruka.

"Ufukwe wenyewe uko wapi?" aliuliza Gwakisa,
na mpaka leo anauliza, kila mwaka, kila seti.
Loleza amekaa juu pale na shuka lake la mawingu, hajibu.
Wachezaji wa kutoka Pwani walivaa soksi;
mchanga wa Julai, saa mbili asubuhi,
ni kama kukanyaga samaki wa friji.
Msichana mmoja wa Tanga alipuliza vidole,
akaanzisha mpira, ukagonga wavu,
akapuliza tena.

Zawadi ya kwanza: gunia la mchele na simu.
Ya pili: gunia tu, nalo nusu.

Fainali ilipokwisha, mwamuzi akadai nauli,
mchanga ukauzwa kwa fundi.
Ukipita Iyunga utaiona nyumba ile, bati la bluu:
ukuta wa mashariki ni nusu fainali,
choo ni mechi ya mshindi wa tatu.

Sasa ni mwaka wa nne.
Tunakaa kwa Atupele, mihogo na chai ya tangawizi, tunabishana.

Gwakisa: "Miaka minne, vituo vinne, vilevile.
Mashindano haya yanakua kama ukucha wa kidole cha mwisho."

Lugano, bajaji yake nje imewashwa taa bure:
"Mdhamini wetu ni duka la mbolea.
Mbolea, jamani! Na bado haukui?"

Subilaga aliwahi kuchezea shule, goti likamkatalia.
Huwa hasemi mpaka chai ipoe.
"Parachichi la mbegu linataka miaka saba.
La kubebesha, mitatu. Ila kwanza ulikate."

"Basi tuukate," akasema Gwakisa,
na tukacheka, naye akacheka mwisho, kidogo,
maana ndiye anayefika wa kwanza kila mwaka
kufunga kamba za mipaka, na hataki kusaidiwa.

Wakanigeukia mimi. Karani, tupe hesabu.
Nikatoa daftari: ishirini na saba. Sitini na moja.
Hamsini na nane. Mia moja na kumi na mbili.

"Ule wa tatu tulipungua," akasema Lugano.
Ndiyo, watatu.
Mmoja alihamia Chunya, mmoja alioa,
na mmoja, yule wa filimbi, aliyekuwa akishangilia timu zote mbili,
siku hizi nampitia mama yake Jumapili,
ninampelekea sukari.
Mizani haijui matumaini.
Inajua uzito wa kuingia na uzito wa kutoka.

Mwaka huu hatukuuza mchanga.
Tulichanga, hata Gwakisa, kwa noti iliyokunjwa mara nne
kama barua ya siri,
tukanunua turubai, tukalizungushia mawe.

Leo nimetoka zamu alfajiri, nikapita uwanjani.
Sakitu nyeupe juu ya turubai.
Kona moja imefunuliwa, na chini yake nyayo, ndogo, nyingi,
na kamba ya katani imefungwa kati ya mikaratusi miwili,
kimo cha kifua cha mtoto wa darasa la pili.

Sikuhesabu.
Nikarudisha kona, nikatafuta jiwe la kuizuia.
Yalikuwepo mengi. Nikayapima mkononi, moja moja,
nikachagua lililo jepesi.