Oda ya Mkono wa Shoto

Fundi Chilumba, kwanza usicheke:
gitaa la umeme, la shoto.
Dukani Mtwara waliniambia, "Geuza nyuzi tu,"
kana kwamba mtu hugeuzwa kwa bisibisi.

Mwili uwe mninga; mpingo utanivunja bega.
Mpingo utie shingoni tu, vidole vinapokanyaga,
mweusi, bila nakshi,
bila shetani wa kuuzia watalii.
Na shingo iwe nyembamba: kidole changu cha mwisho kifupi,
kililiwa na mashine ya kubangulia korosho.

Waya wa sumaku usokote kwa cherehani ya mkeo,
mizunguko elfu saba,
naye asijue.

Nusu leo. Nusu mnada wa tatu,
chama cha msingi kikilipa.
Kisipolipa tutangoja wote, nawe una mikorosho.

Akapima kwa uzi vidole vya kulia, akafunga mafundo.
"Na wa kupigia?"
Nikautoa ule uliochapwa darasa la kwanza, hapa hapa Newala,
nisioruhusiwa kusalimia nao.
Haukuhitaji kipimo.
Akaupokea, vumbi la mbao likabaki kiganjani mwangu.

"Tumekubaliana."