Namba Kumi na Tisa

Jumapili, Breña Alta, meza ya jikoni si yangu tena.
Heliodoro, tangu astaafu posta,
huyanyunyizia majani ya tumbaku maji
kwa chupa yangu ya kupigia pasi,
achomoe uti polepole
kama atoaye mwiba kooni mwa mtoto.
Hili la moto, hili la harufu.
La nje? “Shati tu,” asema, akisokota.

Daftari lake:
Kumi na saba, kali.
Kumi na nane, yanuka soksi.
Kumi na tisa, patupu.

Usiku ule dada yake alipiga simu kutoka Caracas.
Akasokota biri huku akicheka, mzani kauweka kando.
Tukaivuta wawili, kwa zamu,
hata ikatuunguza vidole.

Leo kafika sitini na mbili.
Bado anapima.