Vidole Vinne

Katuni ilitangulia kila Jumamosi,
kabla ya picha kubwa, kabla ya watu wa viti vya mbele
kumaliza karanga zao.
Mikebe ilishuka stesheni na treni ya Tabora;
mjomba Nkwabi aliibeba begani hadi ukumbini,
ndoo ya mchanga tayari mlangoni,
maana filamu zile kuukuu, alisema,
zilipenda moto kuliko petroli.

Mbuzi mweusi, glovu nyeupe.
Anakunja reli kama mkeka, anaitia mfukoni.
Anakimbia, mlima unaisha, yeye haishi,
anakanyaga hewa tupu, hatua sita, saba,
mpaka atazame chini.
Ndipo aanguke.

Tulicheka hadi kikohozi.
Kisha tukatoka nje, na huko juu Isamilo
jiwe limekaa juu ya jiwe, kwa ncha tu,
na Mbuke akaninong'oneza:
Usiliambie. Halijatazama chini.

Msimu wa visubi wingu lao liliingia kutoka ziwani,
likajaa kwenye mwali wa mashine,
mbuzi akakimbia ndani ya moshi ulio hai.
Hakuna aliyewadai kiingilio.

Mbuzi alikuwa na vidole vinne.
Nkwabi pia.
Cha tano kilibaki kwenye kinu cha pamba
kabla sijazaliwa.
Tuliamini mtu fulani wa Marekani
alimwona mjomba wetu, akamchora.
Hakukanusha. Alinyanyua kiganja, akakitikisa
kama mbuzi anavyoaga mwishoni.

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima wa miwani:
walipunguza kidole kuokoa muda.
Picha ishirini na nne kwa sekunde moja,
mkono uleule mara elfu, na kila kidole kina gharama.
Wanaume migongo imepinda juu ya vioo vyenye taa,
wasichana safu kwa safu wakipaka rangi kwa nyuma;
kazi ikiisha karatasi zile ang'avu zinaoshwa,
mbuzi anateremka na maji
ili nafasi yake achorwe mbuzi.
Mwanzoni mwa filamu jina lilikuwa moja.
La mwenye duka.

Na hili pia, lililoninyima usingizi:
karatasi zile, na ukanda wenyewe,
vilipikwa kwa pamba na tindikali.
Pamba.
Sina hati. Sijui bunda lipi la hapa lilikwenda wapi.
Marekani wana pamba yao, na majonzi yake.
Lakini niachie, msomaji,
hatua sita, saba hewani.

Nkwabi aliniachia kipande, urefu wa mkono,
kinanata, kinanuka soksi.
Nakishika dirishani, kwenye mwanga wa ziwa.
Mbuzi. Mbuzi. Mbuzi.
Mguu unapanda kwa unene wa unywele.
Picha ya kumi na moja, pembeni, angani,
ndogo kuliko mbegu ya ufuta,
ipo alama ya kidole cha mtu.
Alisahau kufuta.
Jumamosi zote zile, mbele ya ukumbi uliojaa,
alipita kufumba na kufumbua,
nasi tulikuwa tunamwangalia mbuzi.

Nilimpa mwanangu miwani yangu aione.
Alikodoa, akahesabu vidole vya mbuzi,
akarudi kwenye alama.
Baba, akauliza,
ndicho kile walichokipunguza?