Karatasi ya Arubaini na Moja

Kabla ya moshi, karatasi ni nyeupe.
Naishika kwa koleo, siigusi kwa kidole,
maana hata jasho langu lina uzito,
na mizani hii, iliyofungiwa chumbani kama bibi harusi,
husikia mtu akipita ukumbini.

Naandika namba ya kwanza.
Ya pili nitaipata kesho, karatasi ikishashinda na kulala
juu ya paa la skuli ya wasichana, Sohar,
pampu ikivuta hewa
kwa kipimo cha mtu anayepanda ngazi.
Ya pili, ukitoa ya kwanza:
ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na moja ya kusoma
ili nijue kutoa.

Rofikul ndiye anayepanda. Goti langu limechoka.
Hushuka na visanduku kifuani kama aliyebeba mayai,
na kila asubuhi huniuliza lilelile,
kwa Kiarabu chake cha Noakhali:
"Leo nyekundu, daktari, au nyeusi?"
Nyekundu ni mchanga. Upepo umeuleta, haumshtaki mtu.
Nyeusi ni sisi.

Nyeusi ni dizeli ya malori yanayongoja lango la bandari,
injini zikiunguruma ili dereva apate kiyoyozi,
na nani atamlaumu, nje nyuzi arubaini na sita?
Ni mwenge wa kiwanda unaowaka bila sikukuu.
Mafuta yakipata hewa ya kutosha huondoka kwa adabu.
Yakinyimwa, hukwama njiani,
na kile kisichomaliza safari ndicho masizi.
Nimelieleza hili mbele ya wakubwa, kwa michoro.
Wakatikisa vichwa. Wakanywa kahawa.

Usiku wa Alhamisi nilirudi na pampu garini.
Betri bado ilikuwa na chaji.
Nikaiweka ukumbini kwetu, mchezo tu,
na ndani yake karatasi ya arubaini na moja.
Mama alikuwa anafukiza.

Mama alizaliwa Wete, akapikia makumbi
mpaka kifua chake kikajifunza mluzi.
Hapa jiko lake ni la umeme; alichobakisha ni chetezo:
makaa mawili, ubani wa Dhofar, kipande cha udi,
na kanzu za kaka zangu zimetandazwa juu ya tenga
kama kuku wanaoatamia.

Niliipima mara tatu.
Nikasubiri hatua za ukumbini zitulie, nikaipima tena.
Ilizidi barabara. Ililizidi lango la bandari,
hata siku ile mbaya ya mwezi wa nane.

Nilimpelekea mama aione.
Akaigeuzageuza kwenye kifuniko chake,
duara jeusi, dogo kama chapati ya mwanasesere.
"Kumbe hata harufu nzuri ina masizi," akasema.
Kisha: "Sasa wataka nifanye nini?"
"Ufungue dirisha, mama, unapofukiza."
"La upande upi?"

Madirisha ya ukumbi wetu ni mawili.
La baharini, mchana, hutuletea bandari.
La bara, usiku, hutuletea barabara kuu.
Nina shahada tatu. Nilikaa kimya
mpaka makaa yakajifunika majivu.

Ripoti ilitaka karatasi arubaini.
Nimeandika arubaini na moja:
*nyumbani, ukumbini, chetezo kimoja, madirisha yamefungwa.*
Msimamizi akaniuliza kwa nini nijishtaki mwenyewe.
Nikamwambia mizani haina mama.

Siku hizi, kabla hajakoleza makaa, hunipigia simu kazini.
"Shinuna, upepo unatoka wapi?"
Nami, mwenye mtambo wa upepo ulionunuliwa kwa fedha ya serikali,
mwenye jedwali la kila dakika kumi,
natoka nje, uani, penye jua kali,
nalamba kidole,
nakinyanyua.